Ziara za Kushtukiza na Meneja Asiyejua Kinachoendelea

Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne tu baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za vipimo vya MRI na CT scan hazifanyi kazi. Muda mfupi baadaye bodi ya hospitali ikavunjwa na kaimu mkurugenzi wake akaondolewa. Kabla mwezi huo haujaisha, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa naye alifika bandarini Dar es Salaam kwa mtindo uleule, na nchi nzima ikasikia habari ya makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi iliyokadiriwa kufikia shilingi bilioni 80. Wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia.

Kilichofuata hakikujadiliwa sana. Ziara ya kushtukiza iligeuka kuwa staili ya uongozi. Wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, na baada yao mameneja wa kampuni binafsi ambao hawakuwa hata na mwandishi mmoja wa habari nyuma yao, walianza kutokea mlangoni asubuhi na mapema na kudai daftari la mahudhurio. Hadi leo, ukimuuliza meneja wa tawi au wa kiwanda anafanyaje ili ajue hali halisi ya watu wake, hutashangaa akikujibu kwa fahari kwamba yeye huwa anawashtukiza. Hoja yangu ni kwamba meneja anayelazimika kushtukiza ameshakatika mawasiliano na timu yake, na kila anaposhtukiza anazidi kuyakata.

Tofauti ya mazingira ni muhimu hapa. Rais aliyeingia madarakani wiki hiyo hakuwa na uhusiano wa kila siku na wauguzi wa Muhimbili wala makarani wa bandari, na ziara zile zililenga pia kutuma ujumbe kwa taifa zima kwamba zama zimebadilika. Meneja hana taifa la kulitumia ujumbe. Ana watu ishirini, au mia mbili, anaoshinda nao mwaka mzima chini ya paa moja, na jambo analolihitaji kutoka kwao si hofu ya siku moja bali taarifa ya kila siku ambayo hawezi kuipata kwa njia nyingine yoyote isipokuwa wao wenyewe kuamua kumpa.

Ziara ya kwanza ya kushtukiza huweza kweli kufichua jambo. Tatizo linaanza kwenye ya pili, kwa sababu watu hujifunza. Mlinzi wa getini anayo namba ya msimamizi wa zamu, na gari la bosi likikata kona tu, ujumbe wa neno moja unatua kwenye lile kundi la WhatsApp ambalo bosi hayumo. (Karibu kila sehemu ya kazi siku hizi ina makundi mawili: moja la kujibu "Sawa bosi, nimepokea", na jingine la kuzungumza.) Dakika tano zinatosha kufuta meza, kuficha mafaili yaliyolundikana na kumtoa mteja mkorofi kwenye foleni. Sisi ni watu tuliokulia kwenye utamaduni wa kupaka chokaa mawe ya barabarani kiongozi anapokuja. Kuandaa tawi la benki kwa dakika tano hakutushindi.

Wasimuliaji wa Kiislamu hupenda kueleza jinsi Khalifa Umar bin al-Khattab alivyokuwa akizunguka usiku nje ya Madina, akamkuta mama amebandika chungu jikoni ili watoto wake wenye njaa wapitiwe na usingizi wakidhani chakula kinaiva. Mama yule alimlaumu Umar mbele ya Umar mwenyewe. Khalifa alirudi ghalani, akabeba gunia la unga mgongoni, na mtumishi wake alipotaka kumsaidia akakataa, kwa maana mzigo ule ulikuwa wake. Mawaidha yanayotokana na kisa hiki kwa kawaida huishia kwenye unyenyekevu. Mimi navutiwa na mambo mawili mengine. La kwanza, mama alisema ukweli kwa sababu hakujua anazungumza na nani. La pili, Umar alipokwisha kuujua ukweli hakwenda kumtafuta ofisa wa kumfukuza kazi. Alijihesabu yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyekosea. Meneja wa leo hana nafasi ya lile la kwanza, maana picha yake imetundikwa mapokezi na kila mtu anaijua sauti yake. Amebakiwa na la pili tu, na ziara ya kushtukiza, kwa jinsi tunavyoifanya, inalipoteza hilo pia, kwa sababu kila mtu anajua kwamba lazima mtu fulani "atumbuliwe" ili ziara ionekane imezaa matunda.

Tuache ziara kwa muda tuangalie namna ukweli unavyopotea njiani, kwa sababu watu wengi hudhani unapotezwa na uongo. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Chukua ofisi inayohudumia wananchi na kupokea malipo kwa mfumo wa kompyuta. Mteja anafika dirishani, karani anaingiza taarifa zake, mfumo unatoa kontroo namba, mteja analipa kwa simu au benki, malipo yakionekana karani anamalizia huduma. Hivyo ndivyo mwongozo unavyosema. Sasa saa nne asubuhi mtandao unaanza kusumbua. Foleni imefika nje, mfumo unazunguka tu, na miongoni mwa waliosimama kuna mzee aliyetoka kijijini kwa basi la alfajiri. Karani, dada mwenye uzoefu wa miaka mingi, hawezi kuwaambia watu arobaini warudi kesho. Anatoa kauntabuku kwenye droo, anaandika jina la kila mmoja, namba yake ya simu na huduma anayoitaka, anawaruhusu waondoke. Saa kumi na moja jioni wenzake wanafunga mikoba. Mtandao umetulia, yeye anabaki anaingiza jina moja moja, na kila kontroo namba anamtumia mhusika kwa simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, hadi giza linaingia.

Ijumaa taarifa ya wiki inapanda kwa meneja. Inaonyesha kwamba maombi yote yaliyopokelewa yameingizwa kwenye mfumo siku hiyohiyo. Asilimia mia moja. Meneja anafurahi, anaipeleka taarifa juu, na huko juu wanafurahi pia. Miezi miwili baadaye, kwa kuzingatia takwimu hizo nzuri, anakataa ombi la kuongeza laini ya pili ya intaneti kwa sababu halina uhalali, na pengine anamhamishia karani mmoja kitengo kingine kwa kuwa dirisha hilo linaonekana halina msongamano. Hakuna namba iliyopikwa. Wema wa karani na uzoefu wake ndivyo vilivyolifunika tatizo, na kadiri alivyo hodari zaidi ndivyo bosi wake anavyozidi kuwa gizani. Siku atakapopata likizo ya uzazi ofisi itaanguka ghafla, na watu watasema aliyeshika nafasi yake ni mzembe.

Jambo hili si la ofisi ndogo peke yake. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu wote saba waliokuwamo, uchunguzi ulionyesha kwamba jioni iliyotangulia wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za kurushia walikuwa wamependekeza kisirushwe, kwa kuwa baridi ingeathiri pete za mpira zilizoziba viungio vya roketi hizo. Mameneja waliwasikiliza, wakajadiliana, wakaamua vingine. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa mjumbe wa tume ya uchunguzi, aligundua jambo la kutisha zaidi kuliko uamuzi wa usiku mmoja. Alipotafuta makadirio ya uwezekano wa chombo kama kile kupotea, wahandisi walikuwa wanazungumzia mara moja katika safari 100, wakati uongozi ulikuwa unazungumzia mara moja katika safari 100,000. Yeye mwenyewe alibainisha kwamba makadirio ya uongozi yalimaanisha mtu angeweza kurusha chombo kila siku kwa miaka 300 akitegemea kupoteza kimoja tu. Vyombo vya mpango ule vilipostaafishwa mwaka 2011 vilikuwa vimefanya safari 135 na viwili vilikuwa vimepotea. Waliokuwa karibu na bolti na mpira walikuwa karibu sana na ukweli.

Mameneja wale hawakuwa wajinga, na wengi wao walikuwa wahandisi kitaaluma. Hili linapaswa kumsumbua kila meneja anayejitetea kwa kusema, "Mimi mwenyewe nilianzia chini, kazi hii naijua." Ulianzia chini miaka kumi na miwili iliyopita, wakati malipo yalikuwa ya fedha taslimu, risiti zilikuwa za mkono na wateja walikuwa robo ya walivyo sasa. Kazi unayoikumbuka haipo tena.

Basi meneja afanye nini? Semina za uongozi hapa kwetu hupenda kunukuu methali ya kitanda usichokilalia kuwa hujui kunguni wake, kisha washiriki wanashauriwa kushuka chini wakalale. Methali ni ya kweli, ila bosi akitangaza kwamba leo atalala hapo, kitanda kitapigwa dawa na kutandikwa shuka jipya. Kinachosaidia ni kulala usiku mwingi kiasi kwamba hakuna mwenye nguvu ya kuendelea kubadilisha shuka. Kwa maneno mengine, muda mrefu una nguvu kuliko ghafla. Ukiwaambia watu wako mapema kwamba Jumanne utashinda nao, ukafika wakati mlango unafunguliwa, ukakaa kwenye kiti cha pembeni ya karani hadi mlango unafungwa, maigizo yataisha kabla ya saa tano asubuhi. Foleni haiwezi kuigizwa, na mtandao hauogopi cheo. Saa nne ile ile mfumo utagoma, na dada yule atatazama droo, atakutazama wewe, kisha atatoa kauntabuku.

Taiichi Ohno, mmoja wa waasisi wa mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alikuwa na mbinu inayosimuliwa hadi leo katika viwanda duniani kote: alichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda, akamwambia mhandisi au meneja asimame ndani yake kwa saa kadhaa na kutazama. Hakumpa orodha ya vitu vya kukagua. Ninavyoielewa mbinu hiyo, nusu saa ya kwanza mtu huona anachotarajia kuona, na uchovu wa kusimama ndio unaomlazimisha aanze kuona kilichopo: fundi anayepinda mgongo kila mara kuokota spana iliyowekwa mbali, kijana anayengoja vipuri huku akijifanya anafagia.

Kukaa peke yake hakutoshi kama meneja hajui kuuliza. "Mna tatizo gani hapa?" ni swali lenye jibu moja tu Afrika Mashariki, nalo ni, "Hakuna tatizo bosi, ni changamoto ndogo ndogo tu." Wageni huona jibu hili kuwa ni woga au unafiki. Mimi naona ni malezi. Kijana aliyekupa shikamoo asubuhi hawezi saa nne kukuambia mbele ya wenzake kwamba utaratibu uliouandika wewe haufai. Angeonekana hana adabu hata kwa wale wanaokubaliana naye. Meneja mwenye busara hamlazimishi kijana achague kati ya adabu na ukweli. Anamuuliza mambo yaliyotokea, si maoni yake. Mteja wa mwisho jana alitoka saa ngapi? Mara ya mwisho printa ilipoishiwa wino, ulifanyaje? Nionyeshe kitu unachokifanya kila siku ambacho hakimo kwenye mwongozo. Maswali ya namna hii yanajibika bila kumkosoa mtu mzima, na majibu yake yakijumlishwa ni ukosoaji mkali kuliko wowote unaoweza kupatikana kwenye sanduku la maoni lenye kutu pale mapokezi.

Kisha inakuja sehemu ngumu, ambayo ni namna meneja anavyoipokea habari mbaya ya kwanza. Wengi huijibu kwa swali linaloonekana la kawaida kabisa: "Kwa nini hukuniambia mapema?" Swali hilo linamgeuza aliyeleta habari kuwa mshtakiwa, na ofisi nzima itakuwa imejua kabla ya chakula cha mchana kwamba kunyamaza kuna nafuu. Kiwanda cha magari cha NUMMI kule Fremont, California, kinafundisha jambo kuhusu hili. General Motors ilikifunga mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya ubora na ya mahusiano kazini. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaajiri sehemu kubwa ya wafanyakazi walewale, na haikuchukua muda mrefu magari yake yakawa yanalinganishwa kwa ubora na yale ya Japani. Miongoni mwa vitu vilivyobadilika ni kamba iliyoning'inia juu ya mstari wa uzalishaji, ambayo mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kuivuta akiona kasoro. Akiivuta, kiongozi wa kundi huja kumsaidia, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari unasimama. Watu wengi walioiga mfumo huo walinunua kamba na taa zake, wakasahau kwamba nguvu yake ilikuwa kwenye anayekuja baada ya kamba kuvutwa na sura anayokuja nayo.

Lipo pia eneo ambalo haliingii kwenye taarifa yoyote ya utendaji, nalo ni maisha ya mfanyakazi kabla hajafika kazini. Mkurugenzi mwenye gari na nyumba karibu na mjini anapanga kikao cha kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kwa nia njema kabisa ya kuanza wiki kwa nguvu. Kwa mhudumu anayeishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, uamuzi huo maana yake ni kuamka saa tisa na nusu usiku, kumwandalia mtoto nguo za shule gizani, kutembea hadi kituoni wakati ambao mwanamke peke yake hapaswi kutembea, kisha kupanda magari mawili au matatu akiwa amesimama. Anafika amechoka kabla kazi haijaanza, au anachelewa dakika kumi na kuandikiwa barua. Kukisogeza kikao hadi saa tatu kusingeigharimu kampuni chochote. Meneja hasogezi kwa sababu hajui, na hajui kwa sababu hajawahi kumuuliza mtu anafikaje kazini isipokuwa anapotaka maelezo ya kuchelewa.

Kuna onyo kuhusu wasimamizi wa kati. Meneja mkuu anayegundua raha ya kuzungumza moja kwa moja na watu wa chini hujikuta anatoa maagizo papo hapo, anaahidi feni mpya, anabadilisha zamu, na msimamizi wa kitengo anasikia habari hizo kutoka kwa vijana wake. Baada ya miezi michache msimamizi huyo hana tena la kuamua, kila shida inapelekwa juu, na meneja mkuu amezidiwa. Anayekwenda kusikiliza na asikilize, aandike, na uamuzi apitishe kwa msimamizi mwenyewe, ambaye mara nyingi alishaliomba jambo hilohilo kwa barua mbili zisizojibiwa.

Nakubali kwamba mambo haya yana mipaka. Mkurugenzi wa benki yenye matawi mia mbili hawezi kushinda kwenye kila dirisha, na takwimu zitabaki kuwa njia yake kuu ya kujua. Lakini mtu aliyewahi kukaa kwenye madirisha machache anazisoma takwimu kwa jicho tofauti. Akiona asilimia mia moja, anauliza imepatikanaje. Wala si haki kumlaumu yeye peke yake kwa kutokuwa na muda, wakati bodi na wizara zinamdai taarifa za wiki, za mwezi na za robo mwaka. Wapo wanaopendekeza siku za kukaa na wafanyakazi ziingizwe kwenye vipimo vya utendaji. Nina mashaka. Aliyepita utumishi wa umma anazikumbuka fomu za OPRAS, zile za kupima utendaji wa kila mtumishi, zilivyokuwa zikijazwa kwa haraka mwaka unapoisha, na kipimo hiki nacho kitajazwa hivyohivyo, kikiambatana na picha ya mkurugenzi amevaa kofia ya kiwandani.

Ningependa zaidi bodi imuulize mkurugenzi, ana kwa ana na bila kompyuta mbele yake, ni uamuzi gani alioubadilisha robo hii kutokana na kitu alichokiona au kuonyeshwa na mfanyakazi wa ngazi ya chini. Akijibu, aulizwe la pili: mfanyakazi huyo yuko wapi sasa? Kama amehamishwa, amenyimwa nafasi ya kupanda cheo au amepewa barua ya onyo, wenzake wote wameshaliona hilo, na bodi isitegemee kwamba robo ijayo kutakuwa na mwingine wa kuonyesha kitu.